Nani ashike usukani wa kampuni ya teknolojia: fundi au mfanyabiashara?

Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye chumba kimoja cha Ngamiani, hapa Tanga mjini, ambako vijana wawili na shangazi yao wamepanga ofisi. Wameunda programu ya kupokelea maziwa. Mfugaji akifika kituoni asubuhi na dumu lake, karani anayapima maziwa kwa laktomita, kifaa cha kuonyesha kama yametiwa maji, anaingiza lita kwenye simu badala ya daftari, na siku ya malipo hesabu ya kila mtu iko tayari. Vituo vinne vinaitumia. Sasa ushirika mmoja wa wafugaji uko tayari kusaini mkataba, ila umeuliza swali moja dogo: mkurugenzi wenu ni nani?

Hawakuwa na jibu. Kijana ndiye aliyeandika programu, usiku kwa usiku, kwa miezi tisa. Binti ndiye aliyezunguka Pongwe, Muheza na Maramba kuwashawishi makarani waliozoea kalamu. Mtaji katoa shangazi. Yeye ni mzaliwa wa Pangani, katika ukoo wa waunda majahazi, na aliniuliza kwa lugha ya kwao.

“Mwanangu, jahazi huendeshwa na fundi aliyeliunda au na nahodha?”

“Na nahodha, shangazi,” nikamjibu. “Lakini nahodha asiyejua kalafati iliyooza kati ya mbao inafananaje atakuzamishia mzigo.”

“Basi niambie, kati ya hawa wawili nahodha ni yupi?”

Sikuweza kumjibu pale pale. Nimekaa nikaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyefika kwenye njia panda hiyo: waanzilishi wanaogawana vyeo, familia iliyochanga fedha, bodi inayotafuta mtu wa kuajiri. Jambo hili naliona zito kwa sababu nimelishuhudia likiua. Mimi ni mhasibu. Kampuni mbili za teknolojia nilizokuwa nikizifungia hesabu hapa mkoani zimekufa zote. Moja iliongozwa na fundi, nyingine na mfanyabiashara, na kila moja ilikufa kwa ugonjwa ambao mkurugenzi wa ile nyingine angeugundua mapema.

Tunapima kwa kitu gani

Nikisema fundi, namaanisha mtu aliyekulia kwenye kazi yenyewe: kuandika programu, kuchora mitambo, kusimamisha seva. Mfanyabiashara ni yule aliyekulia kwenye kuuza, kuhesabu, kukopa na kulipa. Cheti hakimalizi mjadala. Steve Jobs wa Apple aliacha chuo, hakuwa mhandisi wala msomi wa biashara. Kompyuta za kwanza za Apple zilibuniwa na mwenzake Steve Wozniak.

Vipimo vyangu ni vinne, na kila chaguo nitalipitisha humo humo. Cha kwanza ni kazi yenyewe: je, kiongozi anajua kitu kinafanya kazi au anaambiwa tu kwamba kinafanya kazi? Cha pili ni pesa na soko: nani analipa, lini, na kwa nini aendelee kulipa. Cha tatu ni watu, yaani nani atakubali kufanya kazi chini yake na nani ataondoka. Cha nne nakiita upepo ukigeuka.

Hicho cha nne watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa. Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893, ukapandwa kwanza Kikogwe karibu na Pangani, na kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni. Yalikuwepo mengine yaliyochangia, lakini bei ya nyuzi ilipoporomoka, fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, aliyeijua mashine yake kipande kwa kipande hakuwa na la kufanya. Mashine ilikuwa nzima. Aliyehama ni mnunuzi.

Chaguo la kwanza: fundi aongoze

*Kazi yenyewe.* Hapa fundi hana mpinzani. Chukua ile programu ya maziwa. Vituo vya upande wa milimani mara nyingi havina mtandao asubuhi, kwa hiyo simu lazima itunze kumbukumbu ndani yake na kuzituma baadaye. Sasa karani akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, mfugaji mmoja anaandikiwa lita mara mbili. Au simu mbili za kituo kimoja zinatuma hesabu zinazopingana, ipi inaaminiwa? Kwa macho ya nje hilo ni jambo la dakika tano. Fundi anajua kwamba ndiyo nusu ya kazi yote, na kwamba ikikosewa, wafugaji watagombana na karani wao siku ya malipo na programu itatupwa nje siku hiyo hiyo. Kiongozi anayelielewa hilo hasaini kwamba vituo ishirini vitaanza mwezi ujao.

Lisa Su alipokabidhiwa AMD, kampuni ya Marekani ya vichakato, yaani chipu zinazoendesha kompyuta, mwezi Oktoba 2014, kampuni ilikuwa taabani na hisa yake ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 4. Ni mhandisi wa umeme mwenye shahada ya uzamivu ya chuo cha MIT. Nguvu za kampuni zilielekezwa kwenye kichakato kipya ambacho hakikufika sokoni hadi 2017. Kusubiri namna hiyo, fedha ikiwa haba na wenye hisa wakinung'unika, kunahitaji mtu anayeweza kuutazama mchoro mwenyewe akajua kama kuna kitu cha kusubiri. Jensen Huang wa Nvidia, naye mhandisi wa umeme, alifanya jambo la aina hiyo kwa CUDA, mfumo uliotangazwa mwaka 2006 wa kuzitumia kadi za picha kwa mahesabu mengine. Ulibeba gharama kwa miaka mingi kabla ya akili bandia kuupa soko lake.

*Pesa na soko.* Ile kampuni ya kwanza niliyoitaja iliunda mfumo wa tiketi za mabasi. Mwanzilishi wake alikuwa fundi hodari na kijana mwenye heshima, na mfumo ulifanya kazi. Mawakala walikuwa wanautumia kila siku. Nilipofungua vitabu sikukuta hata ankara moja. Miezi kumi na moja! Nikamwuliza, “Kaka, hawa wenye mabasi umewadai lini?” Akaniambia bado hajawadai kwa sababu mfumo haujakamilika, kuna sehemu anaiandika upya, hataki mtu alipie kitu chenye kasoro. Alisema kweli kabisa. Uaminifu wake kwa kazi ndio uliommaliza, maana wenye mabasi walishazoea huduma ya bure, na siku alipoleta bei waliona kama wamegeukwa. Kodi ya pango ilikuwa ya miezi minne nyuma. Nilijaribu kumwonyesha kwamba mteja angeipokea kasoro ile kama angeambiwa mapema na kupunguziwa bei, lakini fedha ilikuwa imekwisha.

Si mafundi wote wako hivyo, na wapo wanaojua kudai kuliko muuza samaki wa Deep Sea. Ila kishawishi cha kuirudia kazi badala ya kwenda kukaa mbele ya mteja kinawavuta wengi wao, na anayemchagua fundi aulize mapema: ankara itaandikwa na nani?

*Watu.* Mafundi humfuata fundi. Kijana mzuri wa programu ana njia nyingi za kwenda Dar es Salaam au kufanyia kazi kampuni za nje akiwa chumbani kwake Chumbageni; akibaki Tanga kwa mshahara mdogo, mara nyingi amebaki kwa sababu kuna mtu wa kujifunza kwake. Udhaifu ni kwamba mkurugenzi wa namna hii huona shida kuachia kazi. Kila kitu kinapita mikononi mwake, na siku akiugua malaria kampuni nzima imelala.

*Upepo ukigeuka.* Watu hudhani fundi ataona mabadiliko ya teknolojia kabla ya wengine. Huona, mara nyingine. Intel ilikwama kwa miaka kutengeneza kizazi kipya cha vichakato chini ya Brian Krzanich, msomi wa kemia aliyepanda ngazi kupitia viwandani humo humo. Baadaye mwaka 2021 wakamrudisha Pat Gelsinger, aliyeingia Intel akiwa na miaka 18 na kuja kuongoza ubunifu wa kichakato cha 80486. Furaha ilikuwa kubwa: fundi karudi nyumbani. Aliondoka Desemba 2024 kazi ikiwa haijaisha, na mwaka huo kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 18. Siwezi kusema ni kosa lake peke yake. Alikuta mambo yameharibika. Nasema tu kwamba ufundi wa kiongozi haukutosha.

*Anamfaa nani.* Anaifaa kampuni ambayo kitu chake bado hakijathibitika kufanya kazi, au ambayo kosa moja dogo la kiufundi linaumiza watu: fedha, dawa, vipimo, umeme. Anaifaa pia pale wateja wenyewe ni mafundi. Haifai kampuni ambayo ina kitu kizuri tayari na mfuko mtupu.

Chaguo la pili: mfanyabiashara aongoze

*Kazi yenyewe.* Kampuni ya pili iliyonifia mikononi ilikuwa inatuma matokeo na madeni ya ada kwa wazazi kupitia ujumbe wa simu. Mkurugenzi alikuwa mtu wa mauzo, mwenye ulimi mtamu na bidii ya kweli. Alipata shule kumi na moja kwa mwaka. Kila shule aliiahidi kitu tofauti: hii mahudhurio, ile ratiba ya basi, nyingine malipo ya chakula. Alikuwa na kijana mmoja tu wa programu. Alipomwuliza “Itachukua muda gani?”, kijana, kwa adabu na kwa kuogopa, alijibu “Wiki mbili, mzee.” Mzee hakuwa na namna ya kujua kwamba hizo wiki mbili ni miezi mitatu. Mwishowe kijana alichoka akapata kazi kwingine. Seva ilikuwa imelipiwa kwa jina lake, nywila anazo yeye, nakala ya akiba hakuna. Shule zilipofunguliwa Januari hakuna mzazi aliyepata ujumbe. Nilikuwa nimemwandikia mkurugenzi mara mbili nikimwuliza gharama ya seva mbona haionekani kwenye vitabu. Hakujua kwamba swali langu lilikuwa linahusu uhai wa kampuni yake, na kwa kweli hata mimi sikujua vya kutosha kulisema kwa nguvu zaidi. Hilo linaniuma hadi leo.

*Pesa na soko.* Huku ndiko kwao. Jack Ma, aliyeanzisha soko la mtandaoni la Alibaba nchini China mwaka 1999 na wenzake, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Aliwahi kufeli mtihani wa kuingia chuo kikuu, hisabati ikimwangusha. Kilichomsaidia ni kuona kinachomzuia mtu kununua. Tatizo la soko la mtandaoni la China wakati ule lilikuwa kuaminiana: nikitanguliza fedha, nitaletewa mzigo? Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilizishika fedha za mnunuzi mpaka athibitishe kwamba mzigo umefika. Yeyote wa hapa Tanga aliyewahi kuambiwa “tuma hela kwanza” na muuzaji asiyemfahamu anaelewa mara moja uzito wa wazo hilo. Halikuhitaji ugunduzi mpya wa kompyuta. Lilihitaji mtu anayejua hofu ya mnunuzi.

Mfanyabiashara pia huyafuatilia yale ambayo mafundi huyaona kama makaratasi: usajili BRELA, hesabu za TRA, kibali cha Benki Kuu kama kampuni inagusa malipo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama unakusanya taarifa za watu. Majina ya wafugaji, namba zao za simu na kipato chao cha maziwa ni taarifa binafsi. Wale vijana wa Ngamiani, aliyelijua hilo alikuwa binti.

*Watu.* Kila kitu kinategemea kama anaye fundi mmoja anayemwamini na kumsikiliza hata habari ikiwa mbaya. Alibaba ilipoanza kujenga huduma yake ya wingu, yaani kukodisha nguvu za kompyuta kupitia mtandao, mwaka 2009, kazi ilipewa Wang Jian, ambaye elimu yake ni saikolojia. Wengi ndani ya kampuni waliona ni kupoteza fedha. Ma hakuwa na uwezo wa kuipima kazi ile kiufundi. Alichoweza ni kuamua nani wa kumwamini, na akasimama naye. Hicho ni kipaji kikubwa, na ukikikosa unaishia kama mzee wa ujumbe wa shule.

*Upepo ukigeuka.* Mfano unaotajwa kila mara ni Microsoft. Steve Ballmer, aliyesoma hisabati na uchumi Harvard na kuanzia kazi Procter & Gamble, aliiongoza kuanzia 2000 hadi 2014. Watu humkumbuka kwa simu: iPhone ilitoka 2007, Microsoft ikachelewa, mwishowe ikanunua biashara ya simu za Nokia na mwaka 2015 ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni kwa sababu ya ununuzi huo. Lakini tumtendee haki. Chini yake mapato ya kampuni yalipanda kutoka takriban dola bilioni 23 kwa mwaka hadi karibu 78, na Azure, huduma ya wingu ambayo mrithi wake anasifiwa kwayo, ilianza kuuzwa 2010 yeye akiwa bado kitini. Paul Otellini wa Intel, mchumi, naye aliikataa kazi ya kutengeneza kichakato cha iPhone kwa kuwa hesabu ya bei na gharama haikumlipa. Mwaka 2013, akielekea kustaafu, alieleza kwamba idadi ya simu zilizokuja kuuzwa ilizidi mno makadirio yao. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa namba alizopewa.

Upande mwingine yupo Benjamin Fernandes, Mtanzania aliyesoma biashara Stanford. NALA aliyoianzisha ilianza kama programu ya kurahisisha malipo ya simu nyumbani, kisha ikageukia kutuma fedha kutoka nje kuja Afrika. Kuacha soko ulilolizoea na kuhamia lingine kabla fedha hazijaisha ni kazi ya nahodha anayenusa upepo.

*Anamfaa nani.* Kampuni ambayo kitu chake kinafanya kazi na kinachokosekana ni wateja, mikataba, vibali na fedha za mzunguko. Pia pale mnunuzi ni taasisi, iwe ushirika, hospitali au halmashauri, kwa sababu huko uamuzi hupatikana kwa kukaa vikao, kusubiri na kurudi tena. Haifai pale hakuna fundi mwenye hisa ndani ya kampuni. Fundi wa mshahara tu anaweza kuondoka na ufunguo.

Chaguo la tatu: wawili kwa pamoja

Hili ndilo wengi hulikimbilia kwa sababu halimuudhi mtu. Ndivyo walivyotaka wale vijana. Ni chaguo zuri likiandikwa, na ni hatari likiachwa midomoni.

*Kazi yenyewe na pesa.* Research In Motion ya Waterloo, Kanada, iliyotuletea BlackBerry, ilikuwa na wakurugenzi watendaji wawili wenye cheo kimoja. Mike Lazaridis alikuwa mhandisi, aliyeianzisha kampuni mwaka 1984. Jim Balsillie alikuwa mhasibu mwenye shahada ya biashara ya Harvard, akaingia mwaka 1992. Mmoja alihangaikia betri, mawimbi na baobonye (kibodi). Mwenzake alihangaikia mikataba na kampuni za simu duniani kote. Kwa miaka mingi sijui kama kuna mtu mmoja angeweza kufanya kazi ya hao wawili. Kila mmoja alikuwa jicho la mwenzake.

*Upepo ukigeuka.* Ikaja iPhone. Sasa waliohitaji uamuzi mmoja walikuwa na vichwa viwili. Balsillie alitaka BBM, ule ujumbe wao uliopendwa, ifunguliwe kwa simu za kampuni nyingine. Lazaridis aliona BBM ndiyo inayowafanya watu wanunue simu zao. Kila mmoja alikuwa na hoja ya maana. Januari 2012 waliachia uongozi wote wawili. BBM ilifika kwenye simu nyingine mwaka 2013, wakati watu walishahamia WhatsApp. Wazee wetu walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa ilitosha wawili.

*Watu.* Wafanyakazi hujifunza haraka kama watoto wa nyumba moja: wakikataliwa na baba wanakwenda kwa mama. Dawa yake ni kuandika. Nani anaamua bei? Nani anaamua kwamba toleo jipya liko tayari kutoka? Wakivutana, kauli ya mwisho ni ya nani? Facebook ilifanya hivyo kwa uwazi: Mark Zuckerberg, mwandishi wa programu, alibaki mkuu, na Sheryl Sandberg, msomi wa uchumi na biashara, akaendesha matangazo na biashara kuanzia 2008 hadi 2022. Cheo hakikuwa sawa na hakuna aliyejifanya kwamba ni sawa. Google mwaka 2001 waliajiri mkurugenzi mzoefu, Eric Schmidt, kuwasimamia waanzilishi vijana, lakini hata yeye alikuwa na shahada ya uzamivu ya kompyuta. Walichokuwa wanakitafuta ni uzoefu wa kuendesha kampuni.

*Anamfaa nani.* Watu ambao wameshagombana kuhusu fedha wakapatana. Kama hawajawahi, hawajui bado. Na hisa zikomae taratibu, mwaka hadi mwaka, ili anayeondoka mapema asiondoke na nusu ya nyumba.

Na yule mwenye mikono miwili?

Wapo. Satya Nadella, aliyempokea Ballmer mwaka 2014, ana uhandisi wa umeme, shahada ya kompyuta na shahada ya biashara ya Chicago. Tim Cook, aliyekuja kuiongoza Apple, alisoma uhandisi wa viwanda kisha biashara. Sundar Pichai, aliyekuja kuiongoza Google, alianza na uhandisi wa metali akamalizia na biashara. Wote walikaa ndani ya kampuni zao miaka mingi kabla ya kupewa usukani, na bodi zao zilikuwa na uwezo wa kuwasubiri wakomae. Kampuni ya watu watatu Ngamiani haiwezi kumwajiri mtu huyo. Inaweza kumtengeneza polepole, kwa kila mmoja kujifunza lugha ya mwenzake kiasi cha kutodanganyika.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani. Safaricom ya Kenya iliongozwa kuanzia 2000 na Michael Joseph, mhandisi wa umeme, akaitoa kwenye wateja wasiofika 20,000 hadi zaidi ya milioni 16. Mtandao ulikuwa haujajengwa na mtu wa kuujenga ndiye aliyehitajika. M-Pesa ilizinduliwa katika uongozi wake, Machi 2007. Majaribio ya awali yalilenga kulipia mikopo midogo, lakini watu waliopewa huduma wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, na waliokuwa wanawatazama wakaligundua soko. Mwaka 2010 akaja Bob Collymore, aliyetokea upande wa ununuzi na masoko. Baada ya kifo chake mwaka 2019, Aprili 2020 usukani ukaenda kwa Peter Ndegwa, mtu wa uchumi na uhasibu aliyetoka kampuni ya vinywaji. Kampuni ni ile ile. Shida ya kila kipindi ilikuwa tofauti, na aliyeitwa alikuwa tofauti.

Kwa hali yako

Kama kitu chako hakijafanya kazi siku thelathini mfululizo mikononi mwa mtu usiyemjua, mpe fundi uongozi, na umtafutie mtu wa kuandika ankara tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni wa siku mbili kwa wiki.

Kama kinafanya kazi na unakimbizana na kodi ya pango, aongoze anayejua kuuza. Lakini kabla hujamkabidhi, hakikisha seva, jina la tovuti na nywila viko kwa jina la kampuni, na kwamba kuna nakala ya akiba ambayo mtu wa pili amewahi kuifungua akaona inafunguka.

Kama wewe ni bodi unayeajiri kutoka nje, acha kuuliza shahada. Mwulize fundi akueleze mteja wake wa mwisho alikataa kwa sababu gani. Mwulize mfanyabiashara akueleze mara ya mwisho kazi ilipochelewa, kilichochelewesha kilikuwa nini hasa. Akijibu “vijana walizembea” na hana zaidi ya hapo, endelea kutafuta.

Kama ni ndugu au marafiki na mnataka kuongoza pamoja, nendeni kwa wakili na karatasi yenye yale maswali matatu yakiwa yamejibiwa: bei, toleo, kauli ya mwisho. Mkishindwa kuyajibu leo mkiwa hamna fedha, hamtayajibu zikija.

Kama wewe ndiye mwenye mtaji, kama shangazi, usishike usukani kwa sababu fedha ni zako. Kwenye jahazi tajiri hubaki pwani, akaulizia mzigo na hesabu ya safari.

Kwa wale wa Ngamiani nilimwambia shangazi hivi, kwa hali yao ya sasa: binti asaini kama mkurugenzi, kwa sababu mwaka huu hatari yao iko kwenye mkataba, malipo na Tume. Kijana apewe hisa na haki ya maandishi ya kuzuia kituo kipya kisianze mpaka aridhike kwamba hesabu hazijirudii mtandao ukikatika. Na baada ya miezi kumi na minane wakae tena waulizane swali lile lile upya.

Mkataba unasubiri mwezi ujao. Kabla ya hapo nimewaomba wabadilishane kazi kwa wiki moja: kijana asimame kituo cha Pongwe saa kumi na mbili asubuhi na laktomita mkononi, binti akae na laptopu Ngamiani akipokea simu za makarani ambao programu imewagomea.